Chakula cha mgonjwa mahututi: Kwa nini hupimwa kama dawa

SAA ya kuwatembelea wagonjwa inapowadia katika hospitali yoyote kubwa nchini, utawaona jamaa wakisubiri nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho wengi hukiita ICU. Miongoni mwao hakosi mama aliyebeba chupa ya uji alioupika alfajiri na kuifunga kwa leso usije ukapoa. Anaruhusiwa kuingia kwa dakika chache. Anamkuta mwanawe amelala kimya, mpira umepitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa na mashine inampumulia. Swali la kwanza analomuuliza muuguzi huwa lile lile: "Sista, mtoto wangu amekula?"

"Amekula, mama," muuguzi humjibu, akimwonyesha mpira mwingine mwembamba unaoingia puani. "Lakini uji huu itabidi urudi nao nyumbani."

Jibu hilo humwacha mzazi na fadhaa. Katika jamii zetu, kumlisha mgonjwa ndiyo ishara ya kwanza ya upendo, na anayezuia chakula huonekana mkatili. Wapo jamaa ambao huondoka wakiamini kwamba mpendwa wao anauawa na njaa. Wengine huridhika wakiona chupa ya maji imetundikwa kando ya kitanda, wakidhani hicho ndicho chakula chenyewe.

Ukweli uko katikati ya dhana hizo mbili. Mgonjwa mahututi huhitaji chakula, na kukikosa kwa muda mrefu humdhuru. Lakini chakula hicho hicho kikitolewa kwa pupa, kwa njia isiyofaa au kwa kiasi kupita kiasi, chaweza kumdhuru vilevile. Kwa hiyo madaktari hukichukulia kama dawa nyingine yoyote: kina kipimo chake, wakati wake na njia yake.

Mwili unapojila

Mtu mwenye afya akikosa chakula kwa siku mbili tatu, mwili wake hubana matumizi. Kwanza hutumia akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, ambayo huisha kwa muda wa takriban siku moja, kisha hugeukia mafuta. Misuli huhifadhiwa kadiri iwezekanavyo. Ndiyo sababu mtu mzima aweza kuvumilia njaa kwa majuma kadhaa mradi apate maji.

Mgonjwa mahututi hana nafasi hiyo. Mtu aliyeungua vibaya, aliyepondeka katika ajali ya barabarani au ambaye damu yake imevamiwa na viini vya maradhi, mwili wake huingia katika hali ya vita. Homoni za dhiki, zikiwemo adrenalini na kotisoli, hufurika katika damu. Insulini, ambayo kwa kawaida huamuru sukari iingie katika seli, haitiiwi tena. Mwili huanza kuvunja misuli yake ili kupata malighafi ya kuziba vidonda, kuunda kinga na kutengeneza sukari. Ni sawa na mwenye nyumba anayeng'oa milango na madirisha yake ili apate kuni za kuotea usiku wa baridi.

Mwanasayansi wa Uskoti, David Cuthbertson, alieleza jambo hili katika miaka ya 1930 mjini Glasgow, alipochunguza mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu. Aligundua kwamba walikuwa wakipoteza naitrojeni nyingi mno, ishara kuwa protini ilikuwa ikivunjwa kote mwilini wala si katika mguu ulioumia pekee.

Kasi ya uharibifu huo inaogofya. Katika utafiti uliofanywa jijini London na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2013, wagonjwa mahututi 63 walipimwa msuli wa paja kwa mashine ya mawimbi ya sauti, sawa na ile inayotumiwa kuwapima akina mama wajawazito. Kufikia siku ya kumi, msuli huo ulikuwa umepungua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 17. Waliopata hitilafu katika viungo vingi ndio waliopoteza zaidi.

Hasara hiyo si ya sura tu. Misuli inayosaidia mapafu kupumua ni misuli kama ile ya paja. Inapodhoofika, mgonjwa hushindwa kuachana na mashine ya kupumulia hata baada ya maradhi yaliyomleta kupungua. Vidonda hukawia kupona, maambukizi mapya huingia kwa urahisi, na anayenusurika aweza kurudi nyumbani asiweze kupanda ngazi wala kubeba ndoo ya maji kwa miezi mingi.

Njia mbili za kumlisha

Mgonjwa asiyeweza kumeza hulishwa kwa njia mbili kuu: kupitia tumbo au kupitia mshipa wa damu.

Njia ya tumbo ndiyo ya kwanza kuzingatiwa. Mpira laini hupitishwa puani, ukashuka kooni na kwenye umio hadi tumboni. Kabla ya kuuingiza, muuguzi huupima urefu kutoka ncha ya pua hadi kwenye sikio, kisha hadi chini ya mfupa wa kifua. Chakula cha majimaji hutiririka humo kidogo kidogo, aghalabu kwa nguvu ya pampu ndogo inayohesabu mililita kwa saa.

Hatari kubwa ya njia hii ni mpira kupotea njia na kuingia mapafuni. Chakula kikimiminwa huko, mgonjwa aweza kufa. Kwa hivyo, ni lazima mahali ulipo mpira pathibitishwe kabla ya tone la kwanza. Majimaji yanayovutwa kutoka tumboni hupimwa kwa karatasi maalumu, na pH ya 5.5 au chini huonyesha kuwa yana asidi ya tumbo. Pakiwa na shaka, picha ya eksirei hupigwa. Ule mtindo wa zamani wa kupuliza hewa kwenye mpira na kusikiliza tumbo kwa kifaa cha daktari hautegemewi tena, kwani sauti hiyo yaweza kusikika hata mpira ukiwa mapafuni.

Aidha, mgonjwa hulazwa kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa kwa nyuzi kati ya 30 na 45, ili chakula kisirudi juu na kuingia kwenye njia ya hewa. Jamaa anayeona kitanda kimeinama hivyo asikishushe akidhani mgonjwa hajastarehe.

Kwa nini tumbo lipewe kipaumbele? Utumbo si bomba la kupitishia chakula tu. Ukuta wake ni ngome inayozuia mabilioni ya bakteria waliomo ndani wasipenye hadi kwenye damu. Seli za ukuta huo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache, na hutegemea chakula kinachopita. Utumbo usiotumiwa hunyauka kama shamba lililoachwa bila mvua. Isitoshe, njia hii ni ya gharama nafuu. Mgonjwa anayetarajiwa kulishwa hivyo kwa zaidi ya mwezi mmoja aweza kuwekewa mpira unaoingia tumboni moja kwa moja kupitia tundu dogo kwenye ngozi.

Lakini kuna wagonjwa ambao matumbo yao hayawezi kutumika: utumbo umeziba, umetoboka, au umekatwa sehemu kubwa. Hao hulishwa kupitia mshipa. Kabla ya miaka ya 1960, wengi wao hawakuwa na tumaini. Nchini Uswidi, Arvid Wretlind alifaulu kutengeneza mafuta yanayoweza kuingizwa katika damu bila madhara. Nchini Marekani, Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwalisha watoto wa mbwa kwa mshipa pekee, nao wakakua kama wenzao waliokula kwa mdomo. Taarifa yao ya mwaka wa 1968 ilifungua ukurasa mpya katika tiba.

Mchanganyiko huo una sukari, protini iliyovunjwavunjwa, mafuta, vitamini na madini. Kwa kuwa ni mzito, huchoma mishipa midogo ya mkononi, na ndiyo maana hupitishwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Una hasara zake pia. Bei yake ni ya juu, waweza kulidhuru ini, na mahali mpira unapoingilia paweza kuwa mlango wa viini. Hata hivyo, usafi ukizingatiwa, pengo kati ya njia hizi mbili si kubwa kama ilivyodhaniwa zamani. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa wapatao 2,400, uliochapishwa mwaka wa 2014, haukupata tofauti ya vifo kati ya waliolishwa kwa mshipa na waliolishwa kwa tumbo.

Hapa inafaa kuiondoa dhana iliyoenea kuhusu dripu ya kawaida. Lita moja ya maji ya sukari ya asilimia tano yana kati ya kalori 170 na 200 tu, kiasi kinachokaribia vipande viwili au vitatu vya mkate mtupu. Hayana protini wala mafuta. Mtu mzima angehitaji zaidi ya lita saba kwa siku kupata nguvu za kutosha, na maji hayo yote yangemzamisha mapafu. Maji ya chumvi, ambayo ndiyo hutundikwa mara nyingi, hayana kalori hata moja. Dripu hukata kiu ya mwili. Haiwezi kuushibisha.

Lini, na kiasi gani

Miongozo ya kimataifa hupendekeza kwamba mgonjwa asiyeweza kula aanze kulishwa kwa tumbo ndani ya saa 48 tangu alazwe, mradi hali yake imetulia. Sharti hilo la kutulia ni muhimu. Mgonjwa ambaye presha yake imeporomoka na anategemea dawa nyingi za kuiinua, damu inayofika kwenye utumbo wake huwa haba. Kuulazimisha utumbo huo ufanye kazi ni kama kumtwika mzigo punda aliyeanguka. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka wa 2018, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 2,400 wa aina hiyo, ulionyesha kwamba waliolishwa kikamilifu kwa tumbo tangu mwanzo walipata zaidi tatizo la utumbo kukosa damu.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachotumiwa sana ni kalori zipatazo 25 kwa kila kilo ya uzani kwa siku, pamoja na gramu 1.3 za protini kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kalori 1,500 na gramu 78 za protini. Lakini hapo ndipo pa kufika, si pa kuanzia. Katika siku za kwanza hutolewa pungufu, kisha kiasi huongezwa pole pole kwa siku kadhaa. Daktari makini hukumbuka pia kalori zilizojificha: dawa ya usingizi iitwayo propofol huyeyushwa katika mafuta, na kila mililita yake huongeza takriban kalori moja.

Kwa nini asipewe cha kutosha tangu siku ya kwanza? Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani hivyo ndivyo ipasavyo. Ikiwa mwili unajila, basi ulishwe kwa wingi, uache. Majaribio makubwa yaliyofanywa karne hii yameisambaratisha hoja hiyo.

Mwaka wa 2011, watafiti nchini Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 4,640. Kundi moja liliongezewa chakula cha mshipa mapema ili kufidia upungufu. Kundi la pili lilisubiri hadi siku ya nane. Waliosubiri ndio waliotoka katika chumba cha mahututi mapema zaidi, tena wakiwa na maambukizi machache. Mwaka wa 2018, karibu wagonjwa 4,000 nchini Australia na New Zealand walilinganishwa, nusu wakipewa chakula chenye kalori nyingi zaidi kwa asilimia 50. Kufikia siku ya 90, vifo havikutofautiana. Mwaka wa 2023 ilikuwa zamu ya protini: katika jaribio la kimataifa la wagonjwa wapatao 1,300, waliopewa protini nyingi hawakutoka hospitalini mapema, na wale ambao figo zao zilikuwa zimeathirika walielekea kudhurika. Mwaka huo huo, jaribio la Ufaransa la wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa na presha iliyoporomoka lilionyesha kuwa waliopewa chakula kidogo katika wiki ya kwanza walipata nafuu mapema kidogo kuliko waliopewa kiasi kamili.

Sababu ni kwamba mwili ulio vitani hutengeneza sukari yake wenyewe, na kumwaga nyingine kutoka nje hakuuzuii. Ziada hupandisha sukari katika damu, hurundika mafuta kwenye ini na kuzalisha hewa ya kaboni ambayo mapafu dhaifu yatalazimika kuitoa. Seli nazo hujisafisha kwa kuteketeza taka zake wakati wa uhaba, na shibe ya ghafla hukatiza usafi huo.

Suala la sukari lina somo lake. Mwaka wa 2001, utafiti mmoja wa Ubelgiji ulionyesha kwamba kuishusha sukari ya mgonjwa hadi kiwango cha mtu mwenye afya kwa insulini kuliokoa maisha, na hospitali nyingi duniani zikafuata. Mwaka wa 2009, jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 6,104 likatoa jibu kinyume: waliobanwa hivyo walikufa kwa asilimia 27.5, ilhali wenzao walioachiwa nafasi zaidi walikufa kwa asilimia 24.9. Leo lengo la kawaida ni kuizuia sukari isipande juu ya milimoli 10 kwa lita, bila kuikimbiza chini.

Hatari ya kushibisha mwenye njaa

Kuna kundi la wagonjwa ambao kwao mlo wa kwanza waweza kuwa wa mwisho. Ni wale waliokaa na njaa kwa muda mrefu kabla ya kufika hospitalini.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka wa 1945, madaktari walishuhudia wafungwa waliookolewa wakiwa mifupa mitupu wakizidiwa, na wengine kufa, baada ya kula. Maelezo yake yanajulikana sasa. Mtu mwenye njaa huwa amepungukiwa na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli zake. Anapopokea wanga kwa ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma ndani ya seli yale machache yaliyosalia katika damu. Moyo hukosa mpigo wake, misuli ya kupumua hulegea, na mtu aliyekuwa akizungumza asubuhi aweza kuaga dunia jioni. Upungufu wa vitamini B1 nao huweza kuudhuru ubongo.

Hatari hii si ya vitabuni tu. Manusura waliookolewa mwaka wa 2023 kutoka msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, wakiwa wamedhoofika kwa kufunga, walikuwa katika kundi hilo. Vivyo hivyo mgonjwa wa saratani ya umio, maradhi yanayowasumbua wengi katika eneo la Bonde la Ufa, ambaye kwa majuma amekuwa akimeza maji pekee. Vivyo hivyo mtu anayekunywa pombe kupindukia na kusahau chakula. Yeyote ambaye amekula kidogo sana kwa zaidi ya siku tano huangaliwa kwa tahadhari.

Wauguzi wetu wanaijua kanuni ya kumwokoa kupitia wodi za watoto. Mtoto mwenye utapiamlo mkali haanzishiwi maziwa mazito. Huanza na maziwa ya F-75, yenye kalori 75 katika mililita 100, akitulia ndipo apewe F-100. Mtu mzima hufuata mkondo huo huo. Vitamini B1 hutangulia, kisha chakula huanza kwa kalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, huku damu ikipimwa kila mara na madini yanayopungua yakirudishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mgonjwa anayepunjwa bila kujulikana

Licha ya onyo kuhusu ziada, tatizo la kila siku katika vyumba vingi vya mahututi duniani ni upungufu. Mgonjwa huandikiwa kiasi fulani, lakini hapati chote. Chakula husimamishwa kwa saa sita au zaidi akisubiri upasuaji, na upasuaji ukaahirishwa hadi kesho. Husimamishwa tena akipelekwa kupigwa picha. Mpira huziba au hung'oka usiku, ukasubiri asubuhi urudishwe. Kila pengo ni dogo, lakini mtu akijumlisha mapengo ya wiki mbili, hupata siku kadhaa nzima za njaa ambazo hakuna aliyeziamuru. Baadhi ya vituo sasa huhesabu ujazo wa siku nzima badala ya wa saa, ili muuguzi afidie kilichopotea.

Mahali ambapo chakula maalumu cha kiwandani hakipatikani au bei yake haimudiki, jikoni huandaa mchanganyiko wa maziwa, uji, mayai na mafuta ya kupikia, ukasagwa na kuchujwa. Mchanganyiko huo waweza kufaa, lakini una mitego. Ukiwa mzito huziba mpira. Ukiongezewa maji ili upite, nguvu zake hupungua pasipo mtu kujua. Ukikaa kwenye joto la wodi kwa zaidi ya saa nne, huwa makao ya bakteria. Anayepaswa kuupima ni mtaalamu wa lishe. Kenya inayo taasisi ya kuwasajili na kuwasimamia wataalamu hao, KNDI, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Jamaa wana haki ya kuuliza iwapo mtaalamu huyo amemwona mgonjwa wao.

Jamaa wafanye nini?

La kwanza ni lile wasilopaswa kulifanya. Asitokee mtu akamimina uji, supu, dawa za mitishamba au maji ya baraka kwenye mpira, hata kijiko kimoja. Mgonjwa aliyetolewa mpira wa kupumulia naye asipewe kitu mdomoni hadi wahudumu wampime kama anaweza kumeza. Koo lililokaa na mpira kwa siku nyingi husahau kazi yake, na kijiko cha uji chaweza kuishia mapafuni na kuleta nimonia.

La pili ni habari. Mgonjwa hawezi kujieleza, na faili haina kila kitu. Jamaa ndio wanaojua uzani wake wa kawaida, kama nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya, alikula nini katika wiki iliyotangulia, kama ana kisukari au hutumia pombe, na chakula gani humdhuru au kimekatazwa na dini yake. Mambo hayo huamua aanze na kiasi gani. Asiyeyasema kwa aibu humwacha daktari akibahatisha.

La tatu ni maswali, yakiulizwa kwa adabu: Je, ameanza kulishwa? Kama bado, ni kwa sababu gani? Jana alipata kiasi gani cha kile alichoandikiwa? Chakula kilisimamishwa mara ngapi? Muuguzi mwema hatachukizwa na maswali hayo. Tumbo likionekana limefura, au mgonjwa akitapika au kuharisha, aambiwe mara moja.

Kuna pia nyakati ngumu zaidi. Maradhi yanapoushinda mwili na kifo kikakaribia, viungo huacha kukihitaji chakula, na kukilazimisha huweza kuongeza mateso ya kutapika na kukabwa na majimaji. Madaktari wakipendekeza kukipunguza au kukisimamisha, familia iketi nao na kuelezwa kwa kina. Katika hali hiyo kinachomwondoa mgonjwa ni maradhi, wala familia haijamnyima chakula. Kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji, kumshika mkono na kumsemesha ni malezi pia.

Kwa anayenusurika, kazi ya chakula ndiyo kwanza inaanza. Wengi hutoka hospitalini wakiwa hawana hamu ya kula, ulimi umepoteza ladha, na huchoka kabla ya kumaliza sahani. Milo midogo mitano au sita kwa siku huwafaa kuliko mitatu mikubwa. Mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, omena na nyama iliyoiva vizuri hurudisha protini, lakini protini hiyo haigeuki misuli mtu akilala tu. Sharti aketi, asimame, atembee kila siku hatua chache zaidi ya jana. Wenye maradhi ya figo, ini au kisukari wapate ushauri wao mahususi kabla ya kubadili mlo.

Basi yule mama aliyerudi nyumbani na chupa yake ya uji asijione amekataliwa. Siku mwanawe atakapoweza kumeza, uji huo utahitajika, kikombe kimoja leo na viwili wiki ijayo. Hadi wakati huo, alichonacho cha kumlisha mwanawe ni yale anayoyajua juu yake na ujasiri wa kuuliza kila siku: "Sista, jana alipata kiasi gani?"